Mwenzetu ni nani?

Kiswahili kina neno linalobeba sehemu kubwa ya somo ninalofundisha, saikolojia ya jamii: mwenzetu. Anayeitwa hivyo akipata ajali, watu huacha shughuli zao wakakimbilia. Asiyeitwa hivyo ni mtu baki, na mtu baki aghalabu huambulia pole ya mdomoni. Nani anaingia ndani ya neno hilo? Jibu hubadilika upesi kuliko tunavyodhani.

Mwaka 2005 Mark Levine na wenzake walichapisha utafiti uliofanyika Chuo Kikuu cha Lancaster, Uingereza. Waliwaita mashabiki wa Manchester United, wakawajazisha dodoso kuhusu mapenzi yao kwa timu, kisha wakawaambia waelekee jengo la pili. Njiani kijana aliyekuwa akikimbia aliteleza, akaanguka na kushika kifundo cha mguu huku akiugulia. Alikuwa amepangwa. Kilichobadilika ni nguo tu. Alipovaa jezi ya Manchester United, walimsaidia 12 kati ya 13. Alipovaa ya Liverpool, 3 kati ya 10. Alipovaa fulana isiyo na timu, 4 kati ya 12.

Hadi hapo hakuna la kumshangaza aliyewahi kukaa jukwaani siku ya Simba na Yanga. Mimi hunivutia awamu ya pili. Waliitwa mashabiki wengine wa Manchester United, ila safari hii dodoso halikugusa timu yao. Liliuliza kuhusu kuupenda mpira wenyewe na raha ya kuwa shabiki wa soka. Mwenye jezi ya Liverpool sasa alisaidiwa na 7 kati ya 10, karibu sawa na yule wa Manchester aliyepata 8 kati ya 10. Hasimu alikuwa amegeuka mwenzetu kwa maswali machache ya kwenye karatasi! Aliyeachwa chini ni mwenye fulana: 2 kati ya 9. Washiriki walikuwa wachache, kwa hiyo tusiigeuze sheria, lakini tuone kwamba hata duara lililopanuka lilikuwa na ukingo wake.

Mzizi wa tafiti za namna hii uko kwa Henri Tajfel, Myahudi mzaliwa wa Poland aliyetekwa na Wajerumani akiwa askari wa Ufaransa. Yeye alipona, jamaa zake wengi waliuawa. Miaka ya 1970 ilipoanza, huko Bristol, aliwagawa wavulana wa shule kwa vigezo vya kipuuzi, kama vile kupenda picha za mchoraji Klee au za mchoraji Kandinsky. Kila mpokeaji walimjua kwa namba na kundi lake tu, si kwa jina, wala hawakujigawia wenyewe. Hata hivyo walipopewa fedha za kugawa waliwapendelea wa upande wao, na mara nyingi walikubali upande wao upate pungufu, ilimradi ule mwingine upate pungufu zaidi. Maelezo ya Tajfel ni kwamba kundi huwa sehemu ya jibu la "mimi ni nani", hivyo likipanda nami nimepanda.

Wazee wetu walilishughulikia jambo hili bila maabara. Mtani ni wa kabila jingine, tena ana ruhusa ya kukukejeli, lakini kwenye msiba wako ana kazi zake na hategi. Huwa nawaambia wanafunzi kwamba utani ni ufundi wa kuwa na "wao" ambao bado ni wetu.

Tarehe 21 Desemba 2015, al-Shabaab walilishambulia basi lililokuwa likielekea Mandera, Kenya. Mwaka mmoja kabla, katika kaunti hiyohiyo, walikuwa wamewatenga abiria wa basi jingine kwa dini na kuua watu 28. Safari hii abiria Waislamu walikataa kutengwa na Wakristo, na baadhi ya wanawake waliwapa wenzao hijabu wajisitiri. Mwalimu Salah Farah, mmoja wa waliokataa, alipigwa risasi akafariki Januari 2016. Siwezi kusema nini kilipita moyoni mwa kila mmoja. Lakini washambuliaji walifika na mgawanyo wao mkononi, wakakuta watu wanaojihesabu kuwa abiria wa basi moja.

Kwa hiyo ukiandika wito wa kuchangia damu kwenye kundi la WhatsApp, angalia neno la kwanza unalomtambulisha nalo mgonjwa. Ukianza na kabila au chama chake, umeshachagua nani atausoma hadi mwisho.