Kipimo kilichohamishwa

Ripoti ya jaribio la dawa ikifika mezani kwangu, siianzi mwanzo. Nafungua kwanza itifaki, yaani mpango ulioandikwa kabla mgonjwa wa kwanza hajameza kidonge, nitazame waliahidi kupima nini. Halafu naangalia makala imepima nini. Kuna siku havifanani.

Wengi wakisikia udanganyifu katika utafiti wa dawa humfikiria mtu anayepika namba. Wapo. Lakini mimi mtakwimu namwogopa zaidi yule ambaye kila namba yake ni ya kweli.

Chukua Utafiti wa 329. SmithKline Beecham, ambayo baadaye ikawa GlaxoSmithKline, iliwagawa vijana 275 wenye sonona katika makundi matatu: paroksetini (dawa ya kampuni hiyo), imipramini (dawa ya zamani ya sonona), na kidonge kitupu kisicho na dawa. Itifaki ilitaja vipimo 8, yaani njia 8 za kupima kama mgonjwa amepata nafuu, viwili kati yake vikiwa vikuu. Katika vyote 8 paroksetini haikukishinda kidonge kitupu. Vikaongezwa vipimo vingine chungu nzima, na vinne vikaleta jibu tamu. Makala ya mwaka 2001 ikatangaza kwamba dawa inafaa na vijana wanaihimili vizuri. Ilikuwa na majina ya waandishi 22, ingawa rasimu iliandikwa na mwandishi wa kukodiwa.

Ujanja wenyewe ni hesabu tu. Kwa desturi yetu, dawa isiyofanya lolote ina nafasi 1 kati ya 20 ya kuonekana inafanya kazi kwa bahati. Ipime mara 20, huenda mara moja ikang'aa. Tena vipimo vya sonona ni ndugu: kimoja kikiinuka, huinuka na wenzake.

Kinachoniuma zaidi ni neno moja. Fikra na vitendo vya kujiua viliwekwa chini ya kichwa "kuyumba kwa hisia". Msomaji gani angeshtuka? Data zilipochambuliwa upya na kuchapishwa katika jarida la BMJ mwaka 2015, dawa haikuonekana kufaa, na madhara yakawa makubwa kuliko yalivyoelezwa. Kabla ya hapo, mwaka 2012, kampuni ilikuwa imekiri makosa Marekani na kukubali kulipa dola bilioni 3, sehemu ya kesi hiyo ikihusu kuinadi dawa hii kwa walio chini ya miaka 18.

Tangu 2005 majarida makubwa hukataa jaribio ambalo halikusajiliwa kabla ya kuanza. Ni hatua nzuri, ila sajili haijisomi.

Niliwahi kuombwa na mfadhili mmoja nihamishe kipimo kikuu kutoka wiki ya 12 hadi ya 8, "kwa sababu za kitabibu". Nikauliza: je, kuna mtu ameshajua nani alipewa dawa na nani hakupewa? Sikujibiwa. Wiki mbili baadaye nikasikia kazi imepewa mtu mwingine.