Levodopa haiwekwi akiba

Watu husema levodopa, dawa ya ugonjwa wa Parkinson, hufanya kazi miaka mitano tu. Hapana, haina kikomo hicho. Hilo la “mwili utaizoea, tumwekee ya baadaye” nimelisikia Kadutu, nimelisikia Bagira, hapa Bukavu, na wiki hii nimelisikia kwa muuguzi mwenzangu. Muzee hawezi kufunga vifungo vya shati, kitandani anageuzwa na wajukuu, na vidonge vimefungiwa kabatini “mpaka azidiwe”. Azidiwe namna gani tena?

Kinachopungua ni seli za ubongo zinazotengeneza dopamini, kemikali inayouwezesha mwili kusogea vizuri, nazo zinaendelea kufa, umeze usimeze. Mwanzoni seli zilizobaki huhifadhi dopamini itokanayo na kidonge na kuitoa polepole. Baadaye hakuna pa kuihifadhi, na kwa kuwa nusu ya levodopa hutoka kwenye damu kwa muda wa saa moja na nusu hivi, mgonjwa anausikia mwisho wa kila kidonge. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulilinganisha wagonjwa wa Ghana na wa Italia. Waghana walikuwa wamecheleweshewa dawa kwa miaka, lakini matatizo ya dawa kukatika na mwili kujinyonganyonga yaliwajia ugonjwa ulipofikia umri uleule kama kwa Waitalia. Kungoja hakukuwapa kitu. Dozi kubwa ndiyo huchangia, kwa hiyo tunaanza na ndogo.

Wagonjwa wakiachwa wafikiri wenyewe, huja na mawazo bora kuliko hilo la kabati. Mama mmoja aliniletea daftari: saa aliyomeza, saa mwili ulipofunguka, saa ulipofunga, na alichokula. Siku za maharagi au sambaza (samaki wadogo), kidonge cha mchana hakikufanya kazi. Ana haki kabisa: levodopa hupita ukuta wa utumbo, kisha huingia ubongoni, kwa mlango mmoja na asidi za amino za protini, na kwenye msongamano huo dawa hushindwa. Ndiyo maana tunasema nusu saa kabla ya kula, au saa moja baadaye. Ni yeye aliyependekeza maharagi yahamie jioni, mchana abaki na viazi na lengalenga. Imemsaidia. Lakini siwapi wote shauri hilo. Wengi walio mwanzoni hawalihitaji, na mgonjwa aliyekonda tayari, kumgusia chakula chake kunanitia wasiwasi kila mara.

Wengine huomba dozi ya siku igawanywe midogo ya mara nyingi. Mara nyingi nakubali, ila vidonge vya kutoa dawa polepole visisagwe. Kutetemeka nako kunaweza kubaki hata ugumu wa mwili ukilegea, na hapo simwahidi mtu.

Kichefuchefu cha siku za kwanza msikitibu kwa metoklopramidi, inaziba dopamini. Vidonge vya chuma vimezwe saa tofauti. Na dawa ikikaribia kwisha, njooni mapema: kuikatiza ghafla kunaweza kuleta homa kali na mwili kukakamaa, hali inayoweza kuua.