Voisi ndani ya gemu: kabla hujaiweka, angalia nani anaongea na nani

Timu ndogo zinazotengeneza gemu za mtandaoni huwa zinaniuliza kitu kilekile, eti tuweke voisi, yaani wachezaji waongee kwa maiki wakiwa wanacheza, humohumo ndani au tuache, na kwa kuwa kazi yangu ni sauti na mtandao kwenye gemu watu wanategemea nitasema weka. Mara nyingi nasema acheni.

Cha kwanza ni kuangalia wachezaji wako wanaingiaje kwenye mechi. Wanaokuja kama kikundi, watu wanaojuana, hao tayari wanaongea. Programu za kuongea nje ya gemu kama TeamSpeak na Ventrilo zipo tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, Discord ikaja 2015, na siku hizi watu wanaingia kwanza kwenye chaneli yao ndo wanafungua gemu. Ukiwawekea voisi yako wataizima tu, maana wakichoka na gemu yako wanahamia nyingine na stori zao hazikatiki. Among Us ilitoka 2018 bila voisi, na gemu yenyewe ni kubishana na kusingiziana mwanzo mwisho, halafu ilipolipuka 2020 watu wakawa wanabishana Discord na mambo yakaenda. Kasoro moja tu, ukiuawa inabidi ujinyamazishe mwenyewe kwa hiari, na kuna watu hawawezi kunyamaza hata wakiwa maiti.

Hapo ndo unaona wapi voisi ya ndani haina mbadala: pale sauti inapokuwa sehemu ya sheria za gemu. Kwenye Phasmophobia ya 2020 mzimu unasikia unachoongea kwenye maiki. Lethal Company ya 2023, mwenzako akisogea mbali sauti yake inafifia, akifa inakatika ghafla na hujui kimemkuta nini, na huo ukimya ndo unaokutisha kuliko dude lenyewe. Discord haiwezi kukufanyia hivyo kwa sababu haijui nani yuko wapi kwenye ramani. Kama gemu yako iko hivi usiulize mtu, weka.

Sasa katikati kuna kundi gumu, timu za watu wasiojuana kwenye gemu za kasi. Zamani jibu lilikuwa rahisi, Xbox Live, huduma ya Microsoft ya kucheza mtandaoni, ilipoanza 2002 boksi la kujiunga lilikuja na hedseti kabisa. Lakini mpe mgeni maiki uone, mmoja anapiga muziki, mwingine feni inavuma, mwingine ni matusi tu, na wanawake wengi wameshaacha kuwasha maiki kwa sababu wanajua kitakachofuata wakisikika. Na hata mkiwa na adabu wote, lugha je? Apex Legends ilivyotoka 2019 ilionyesha njia ambayo mimi naikubali sana: unalenga kitu, unabonyeza, mhusika wako anatamka mwenyewe, adui yule pale, silaha hii hapa, twende kule, na kila mtu anasikia kwa lugha aliyoweka kwenye gemu yake. Asiye na maiki anacheza, kiziwi anaona alama kwenye skrini, mtoto kalala chumbani hakuna wa kumwamsha. Hiyo ndo inaitwa pingi, na pingi nzuri inabeba sehemu kubwa ya yale ambayo wageni wanahitaji kuambizana katikati ya mapigano.

Tuje kwenye gharama. Data yenyewe sio tatizo kubwa. Gemu nyingi zinatumia kodeki (njia ya kubana sauti) ya Opus, iliyosanifishwa 2012, na kwa maongezi kilobiti 24 kwa sekunde zinatosha. Ila sauti inakatwa vipande vya milisekunde 20, yaani pakiti 50 kila sekunde, na kila pakiti inabeba vichwa vya IP, UDP na RTP, yaani maelezo ya kuifikisha inakokwenda, baiti 40 hizo kabla ya sauti yenyewe, kwa hiyo unaongeza kilobiti 16 unafika 40. Mtu akiongea saa nzima bila kupumua ni kama megabaiti 18 kwa kila anayemsikiliza, sio kitu cha kulia. Kinachosumbua zaidi ni hedifoni za Bluetooth, nyingi ukiwasha maiki tu simu inatoka modi ya muziki inaingia modi ya kupiga simu, sauti yote inakuwa mono, yaani masikio yote mawili yanasikia kitu kilekile, na nyembamba, nyayo za adui hujui tena zinatokea kushoto au kulia. Mchezaji hailaumu Bluetooth, anakulaumu wewe.

Na yote hayo ni madogo ukilinganisha na kusimamia watu. Teksti inabaki imeandikwa, ripoti ikija unaisoma. Sauti ikishatoka imepotea, labda uwe unarekodi, na ukirekodi umeshaingia kwenye mambo ya faragha. Kampuni ya Riot ilibidi ibadilishe sera yake ya faragha 2021 ndo ianze kurekodi voisi za gemu yake ya Valorant 2022, Call of Duty 2023 ikaleta mfumo wa ToxMod unaosikiliza matusi kwa mashine. Hao wana hela, wewe na watu wako watatu nani atakaa asikilize? Halafu kuna watoto. Desemba 2022 FTC, tume ya Marekani inayolinda walaji, ilitangaza Epic Games, wenye Fortnite, italipa faini ya dola milioni 275 kwa sheria ya faragha ya watoto, na ikaamriwa voisi na teksti kwa watoto na vijana wadogo ziwe zimezimwa tangu mwanzo mpaka ziwashwe kwa ridhaa.

Ukishapima yote ukaona bado unaihitaji, basi maiki ianze ikiwa imezimwa, iwe ya kubonyeza ndo uongee, ya kikosi chako tu sio mechi nzima. Kitufe cha kumnyamazisha mtu kiwe palepale jina lake linapotokea, sio menyu tatu ndani, na kila mtu awe na slaida yake ya sauti kwa sababu kuna wanaonong'ona na kuna wanaopiga kelele. Na pingi iweke kwanza, kabla ya voisi, uijaribu na wageni wasiojuana uone kama kuna mtu atauliza maiki iko wapi.