Mwanamke Aliye Gerezani: Haki Anazobaki Nazo

Jamaa za wafungwa hutuuliza mara nyingi: "Dada yangu ana mimba na yuko ndani. Atajifungua akiwa na pingu?" Haruhusiwi kutiwa pingu. Kanuni za Bangkok, zinazohusu wafungwa wanawake na zilizopitishwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa Desemba 2010, zinakataza pingu wakati wa uchungu, wakati wa kujifungua na punde baada ya hapo. Kanuni za Mandela za 2015, za Umoja wa Mataifa kuhusu wafungwa wote, zikarudia katazo hilohilo, hata kwa aliyeua.

Utasikia kwamba kanuni hizo si mkataba, hivyo hazimhusu mkuu wa gereza nchini Kenya. Si mkataba, kweli. Lakini Ibara ya 51 ya Katiba ya 2010 inasema aliyefungwa anabaki na haki zake zote, ila ile isiyoweza kabisa kwenda pamoja na kifungo, na inaliagiza Bunge litunge sheria ya kumtendea kiutu kwa kuzingatia hati za kimataifa. Ndipo ikaja Sheria ya Watu Walionyimwa Uhuru ya 2014.

Anachopoteza, basi, ni kwenda atakako. Sodo hazimo humo. Kanuni za Bangkok zinataka azipate bure, pamoja na maji ya kujisafishia. Nalitaja jambo hili bila haya kwa sababu haya ndiyo inayolificha: akilazimika kuchana blanketi ili ajisitiri, ana haki ya kulalamika, na Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu hupokea malalamiko ya aina hiyo. Kumpekua ni kazi ya askari wa kike tu. Askari wa kiume haingii upande wa wanawake bila kuandamana na mwenzake wa kike.

Kuhusu mtoto, Sheria ya Magereza inamruhusu akae na mamaye mpaka afikishe miaka 4, na si mfungwa. Mimi huuliza kwanza kama mama huyo alihitaji kufungwa. Chini ya sheria ya huduma kwa jamii ya 1998, hakimu anayeona kosa halistahili kifungo cha zaidi ya miaka 3 anaweza kumpa kazi ya bila malipo mtaani. Wengi husimama kizimbani kimya, wala hawasemi kwamba wameacha mtoto anayenyonya nyumbani. Lisemwe kabla ya hukumu, anapoomba kupunguziwa adhabu, na kadi ya kliniki ya mtoto iwe mkononi.