Kulea watoto nyumbani "sio biashara"? Maneno ya mtaani na ukweli wake

Hapa Kigoma ukisema kazi yako ni kulea watoto wa wenzio nyumbani, mtu anakupa pole kama vile umemwambia umekosa kazi.

"Si unakaa tu nao." Jamani. Dagaa wa Ziwa Tanganyika wanavuliwa usiku kwa taa, mitumbwi inarudi alfajiri, kwahiyo akina mama wa Kibirizi wanawahi mwaloni, pale mitumbwi inapofikia, giza bado, mtoto analetwa saa kumi na moja kalala kwenye kanga, mi napokea huku nauliza jana kala nini, ana homa, nani atakuja kumchukua. Hilo la nani naliandika daftarini, na akija mwingine simtoi mtoto hata awe baba mdogo wake, napiga simu kwanza. Kuna mama alininunia wiki nzima kwa hilo alafu akarudi, safari hii kaleta na mdogo wake.

Lingine ni "hela yote faida", hili ndo linaniuma. Tuseme una watoto 8, buku buku kwa siku, watu wanaona 8,000 imelala mfukoni. Haya toa unga wa uji, sukari, mkaa, sabuni (sabuni inaisha we acha tu), maji ya kununua, na binti wa kukusaidia maana watoto 8 huwezi peke yako, utakuta umebakiwa na elfu tatu. Mwanzoni nilikuwa nachanganya na matumizi ya nyumbani, uji sufuria moja na wanangu, mwisho wa mwezi sijui napata au nalisha mtaa. Sasa daftari la kazi liko peke yake.

Na hiyo hela sio ya kila siku kama wanavyodhani. Mwezi ukiwa mkubwa taa hazivuti dagaa, mitumbwi inapumzika, mama anabaki na mtoto wake kwake. 2024 ndo tulinyooka, ziwa lilifungwa watu wasivue tangu 15 Mei mpaka 15 Agosti, mwaloni kimya na mkeka wangu mtupu. Tangu hapo nachanganya wateja, wa ziwa analipa kwa siku, mwalimu au mama wa duka analipa mwezi mzima mwanzoni, hao ndo wananivusha.

Wengine wanakwambia usijitokeze, TRA, wale watu wa kodi, watakumaliza. Piga hesabu: 8,000 kwa siku 26, mara miezi 12, ni 2,496,000. Mfanyabiashara mdogo ambaye mauzo yake kwa mwaka hayazidi milioni 4 hatozwi kodi ya mapato, na TIN yenyewe, namba ya mlipakodi, bure.

Cha kuhofia ni usajili wa kituo, huo sio wa shule kubwa tu. Sheria ya Mtoto ya 2009 inavigusa vituo vya kulelea watoto mchana, na pa kuanzia ni kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Kwa maoni yangu masharti yanamfikiria mtu mwenye jengo, sio mwenye sebule na uwanja, ila kaulize mwenyewe kabla hujaulizwa.

Alafu kuna wanaoamini mkopo wa halmashauri ni wa wauza vitenge na mama lishe. Ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo halmashauri inatenga kukopesha, 4 ni za wanawake, haina riba, ila wanawake mnaomba kwa kikundi. Sisi walezi wa mtaani kwetu tumeshaandika katiba, kilichobaki tunabishania jina.