Bawaba ya mti: kile kipande ambacho fundi hakikati

Ukiingia hadiwea yoyote hapa Dar, Sinza au Manzese, ukasema nataka bawaba, muuzaji atakuuliza za mlango au za kabati. Hii ninayoizungumzia mimi haiuzwi, fundi anaitengeneza mwenyewe kwenye shina kwa chensoo au hata kwa shoka, inafanya kazi sekunde chache tu inakatika na mti uko chini. Ni kile kipande kinachobaki bila kukatwa katikati ya shina, mbele yake kuna mdomo na nyuma yake kuna mkato wa nyuma. Mti unageuka juu yake kama mlango, na ndo maana unaenda upande ambao fundi ameutaka. Ukiangalia mti unaangushwa kwa mbali utadhani ni chensoo inafanya kazi yote, kumbe kinachouongoza mti ni kile ambacho chensoo haijakigusa.

Inavyotengenezwa ni hivi. Unachagua mti uangukie wapi, upande huo unakata mdomo, yaani mikato miwili inayokutana, mmoja unashuka kwa mshazari mwingine umelala, kipande kinachomoka kama kipande cha tikiti. Kina cha mdomo ni kama robo ya upana wa shina hivi, wengine wanaishia moja ya tano. Afu unahamia nyuma, unakata kuelekea mbele, ila hufiki. Unasimama ikibaki kama sehemu moja ya kumi ya upana wa shina. Mwarobaini wa sentimita 40 unaacha sentimita 4, ambazo kwa mkono wangu ni vidole viwili vimelala. Na unene huo uwe sawa kutoka ncha hadi ncha, hapa ndo vijana wengi wanakosea na mimi nimeshuhudia kwa macho yangu nikiwa nimeshika kamba.

Ilikuwa Sinza, mwarobaini uko kwenye kona ya uwanja, kulia geti, kushoto choo cha nje cha mpangaji. Mama mwenye nyumba anasema jamani choo changu, fundi anamwambia mama tulia tuko wanne kwenye kamba huu mti utaenda wapi. Basi chensoo ikawashwa, sisi tunavuta, mti ukaanza kuja vizuri kabisa mbele yetu, ulipofika kama nusu ukajizungusha taratibu kushoto kama mtu aliyeitwa. Kamba ikatukokota, mmoja akaiachia, bati za choo zikalia. Hakuna aliyeumia, mpangaji alikuwa kazini, Mungu mkubwa. Kamba ilikuwa nzima, mafundo mazima, watu wanne wenye nguvu zao, sasa kilichouvuta mti kushoto ni nini?

Ni bawaba. Upande mmoja fundi alipitiliza kukata ukabaki mwembamba, upande mwingine ukabaki mnene. Mwembamba unakatika kwanza, mnene bado umeshikilia, kwa hiyo mti unavutwa kuelekea kwenye unene. Kamba inasaidia kuuanzisha mti usikae nyuma, haiwezi kuuzuia kwenda pembeni ukishaanza kuanguka. Mti wa ukubwa ule mbichi una uzito wa mamia ya kilo, nyie wanne mna kilo ngapi?

Kosa jingine ni kuimaliza kabisa. Fundi anaona mti umegoma kuanguka anaongeza mkato, anaongeza, mpaka mkato wa nyuma unakutana na mdomo. Hapo mti hauna kinachoushika, umekaa juu ya kisiki kama chupa juu ya meza, upepo ukija kutoka baharini unaamua wenyewe. Mti ukirudi nyuma kidogo tu unaubana upanga wa chensoo, ule ubapa wa chuma unaozungukwa na mnyororo, na huwezi kuutoa. Mti ukigoma dawa yake ni kabari, unaichomeka kwenye mkato wa nyuma unaigonga, mti unanyanyuka kidogo kidogo. Kabari ya plastiki au ya mti ni salama kuliko ya chuma maana mnyororo ukigusa chuma umeshaua meno na vipande vinaruka.

Sasa kuna miti ambayo bawaba haishiki hata ukipima vizuri. Mti uliokauka siku nyingi nyuzi zake zinavunjika bila kupinda. Mti ulioliwa na mchwa au kuoza ndani vilevile, wewe unaona vidole viwili vya mbao kumbe katikati ni unga. Ndo maana kabla ya kuwasha chochote unagonga shina kwa nyuma ya shoka kuzunguka pande zote, likilia kama ngoma jua kuna uwazi. Na mnazi nao una mambo yake, ugumu wote uko nje na katikati ni laini, kwa hiyo bawaba ya mnazi inashika kwenye ncha mbili za pembeni, ukizikata hizo kwa bahati mbaya umebaki na sponji.

Ila mimi ninaouogopa kuliko yote ni mvinje ulioinama. Ile mivinje ya pwani, Kigamboni kule, mbao yake ngumu mno na inapasuka kirahisi. Mti ukiwa umeinama sana mbele uzito wote unavuta, ukianza mkato wa nyuma polepole mti unataka kwenda kabla bawaba haijawa nyembamba ya kutosha kupinda, basi shina linapasuka kwa urefu kwenda juu, nusu ya nyuma inapanda juu kwa kasi na kurudi pale pale ulipo, usawa wa kifua au uso. Wakata miti wa Marekani wanaita kiti cha kinyozi kwa sababu shina linabinuka kama kile kiti. Ni jina la utani ila linaua. Wanaojua mti kama huo hawakati kutoka nyuma, wanakata mdomo, wanatoboa shina kwa upanga wa chensoo katikati nyuma ya bawaba, wanaunda unene wanaoutaka, na nyuma kabisa wanaacha mkanda mdogo unaoshikilia mti. Mkanda unakatwa mwisho, wewe ukiwa umesimama pembeni. Kutoboa huko usijifunzie kwangu, upanga ukigusa mbao kwa ile kona ya juu ya ncha chensoo inarusha kichwa usoni kwako kabla hujafumba jicho.

Watu wa Upanga na Mikocheni watasema viwanja vyetu vidogo mti hauangushwi mzima, unapandwa unashushwa vipande. Kweli, na huko juu bawaba ipo vilevile, vipande vikubwa vya shina mara nyingi vinakatwa mdomo na kuachiwa bawaba, tofauti ni kwamba aliye juu hana pa kukimbilia. Na kama kuna waya wa umeme karibu hiyo sio habari ya bawaba tena, mnaita TANESCO wazime kwanza, laini za mtaani zinaanzia volti 230 na zile za juu ni elfu 11 au 33, tawi bichi linapitisha.

Aliye chini yeye anakimbilia wapi? Njia inaandaliwa kabla ya mkato wa kwanza, nyuma ya mti kwa mshazari, sio nyuma moja kwa moja maana shina linaweza kurudi. Unafyeka, unatoa mawe na matawi. Mti ukianza kwenda unaondoka, husimami kuushangaa. Wengine wote wawe mbali kwa urefu wa mti mara mbili, uwanja wa Sinza hautoshi hiyo ndo maana watoto na majirani wanatolewa nje ya geti. Kofia ngumu, miwani, buti na zile suruali zenye nyuzi za kukaba mnyororo, kwa kibarua aliyeajiriwa ni jukumu la mwajiri kwa Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003, ila nani Dar umemwona amevaa hizo suruali? Mimi sijawahi.

Tukirudi Sinza. Baada ya mama kumaliza kugomba nilienda kwenye kisiki. Bawaba inasomeka hata mti ukishaanguka, inabaki mstari wa nyuzi zilizosimama kama brashi. Upande wa geti zilikuwa chache, hazifiki kidole kimoja. Upande wa choo nilipima vidole vinne.