Waumini ndio waliodai dini itenganishwe na sheria

Nafundisha sheria ya katiba, na swali ninaloulizwa mara nyingi ni hili: anayetaka dini isiingizwe kwenye sheria za nchi, je, haipigi vita imani? Mimi ni muumini, na jibu langu ni hapana.

Mwaka 1784 bunge la Virginia, Marekani, lilipelekewa muswada wa kodi ya kuwalipa walimu wa dini ya Kikristo. Kila mlipaji angejichagulia dhehebu la kupokea fedha yake, kwa hiyo wengi waliona hauna ubaya. Wabatisti waliukataa katakata. Wahubiri wao walikuwa wameonja jela kwa kuhubiri bila kibali, na walijua kwamba serikali inayomlipa mhubiri leo ndiyo itakayompangia la kusema kesho. James Madison, mjumbe wa bunge hilo, akaandika waraka wa kuupinga, muswada ukafa, na mwaka 1786 ikapita sheria aliyoiandaa mwanasiasa mwenzake, Thomas Jefferson: asilazimishwe mtu kwenda ibadani wala kuigharimia.

Ufaransa mambo yalikwenda vingine. Mfalme Henri IV aliwaruhusu Waprotestanti kuabudu mwaka 1598. Mjukuu wake, Louis XIV, akaifuta ruhusa hiyo mwaka 1685, na watu wengi mno wakaikimbia nchi. Walikuwa wamepewa hisani, na hisani ya mfalme haina mahakama ya kuidai.

Siku hizi tuna Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa 1966. Ibara yake ya 18 haimruhusu yeyote kuigusa imani iliyo moyoni, hata nchi ikiwa katika hali ya hatari. Matendo ya kidini yanaweza kuwekewa mipaka, ila kwa mujibu wa sheria, na pale tu inapolazimu kulinda usalama, utulivu, afya, maadili au haki za wengine. Kwenye maadili ndiko watawala hupenda kupenyeza dini yao. Kwa bahati nzuri, mwaka 1993 Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilieleza kwamba maadili hayo hayawezi kuegemea mapokeo ya upande mmoja pekee.

Hapo ndipo ninapowabana wanafunzi wangu: nipe sababu ya sheria unayoitaka bila kutaja maandiko yako matakatifu. Kukataza wizi kunapita papo hapo. Kumwadhibu mtu mzima kwa kula mchana kwa sababu jirani yake amefunga hakupiti, hata kama jirani huyo ni mimi.